Usishuke Bondeni, Akimana

Ngrr! Ngrr! Ngrrrr!

Bazilio aliisikia sauti hiyo akiwa katikati ya migomba. Hakuiona simu, wala hakumwona mtu. Lakini sauti aliijua. Ilikuwa simu ya nyumbani, ikitetemeka ndani ya kikombe cha bati. Nyumbani kwake Makere, wilayani Kasulu, mtandao ulishika dirishani tu. Basi simu ilikaa dirishani, ndani ya kikombe, ili ikiita isikike mpaka shambani.

"Baba Akimana! Kimbia!" mkewe Kezia alipaza sauti. "Ni mwalimu!"

Bazilio alitupa panga chini, akakimbia. Akimana alikuwa binti yao. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena mbali sana, pwani ya Kilwa. Kila mtu Makere alijua kwamba Bazilio ana binti mwalimu. Asiyejua aliambiwa na Bazilio mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Hamjambo? Mjukuu wangu Majaliwa anaendeleaje?"

"Anaendelea vizuri. Ila, baba, kuna kimbunga kinakuja. Kinaitwa Hidaya. Redio inakitangaza tangu asubuhi."

Kezia alikuwa amebandika sikio kwenye simu. "Kimbunga kina jina kama mtu?" akashangaa.

"Ndiyo, mama. Mwenyekiti wa kijiji anapita na kipaza sauti. Anasema sisi tunaokaa karibu na bahari tuhame. Twende shuleni, kule juu kwenye kiinuko. Lakini naogopa. Kule juu upepo unavuma sana, minazi inainama. Baba Majaliwa yuko masomoni Dodoma. Niko peke yangu na mtoto. Nifanye nini?"

Bazilio hakufikiri mara mbili. Alipokuwa mtoto, familia yake ilikimbia kutoka Burundi. Njiani dhoruba iliwakuta juu ya mlima. Baba yake aliwashusha bondeni haraka, na wote wakapona. Tena mwaka juzi tu upepo uling'oa bati za kanisa lililo mlimani, na nyumba za bondeni hazikuguswa. Mtu wa milima anajua jambo hili kama anavyojua jina lake: upepo ukija, shuka.

"Kwenye kiinuko?" akafoka. "Upepo unakuja, na wao wanapanda juu kuufuata? Wana akili hao? Hapo kwenu hakuna bonde?"

"Lipo. Bonde la mpunga. Kuna kibanda cha kulindia ndege."

"Basi shuka bondeni! Jifiche kwenye kibanda hicho. Upepo ukitulia, toka mara moja ukaangalie vitu vyako, watu wasivibebe. Umenisikia?"

"Ego, baba. Ndiyo, nimekusikia."

Simu ikakatika. Bazilio alirudi uani kifua mbele. Mwanawe Kasian alikuwa anapura maharage kwa fimbo, juu ya turubai.

"Umeona?" Bazilio akamwambia. "Wana redio, wana vipaza sauti. Lakini kuokoa mtu, mpaka Makere ipigiwe simu!"

Kasian akacheka, akaendelea kupura.

Hapo ndipo alipoingia Mwatumu na beseni lake. Mwatumu alikuwa muuguzi wa zahanati, mwenyeji wa Lindi. Serikali ilimpangia kazi Makere, naye alipanga nyumba ya jirani. Alikuja kuchukua maharage.

"Shikamoo, mzee. Mbona leo unang'aa hivyo?"

Bazilio alimsimulia yote, tena kwa madaha. Alipofika kwenye bonde la mpunga, beseni la Mwatumu lilianguka, likabingirika mpaka kwenye turubai.

"Mzee! Umemwambia ashuke wapi?"

"Bondeni. Upepo hauwapati walio bondeni."

"Mzee Bazilio, umempeleka kwenye maji!"

"Binti, taratibu," Bazilio alisema, uso umekunjamana. "Mimi nimeona dhoruba kabla hujazaliwa."

"Dhoruba ya mlimani umeiona. Kimbunga cha bahari hukijui! Huku kwenu upepo unatembea peke yake. Kule kwetu unakuja na bahari mgongoni! Unasukuma maji mpaka nchi kavu. Mvua nayo inamwagika kutoka juu. Maji ya bahari na maji ya mvua yanakutana wapi? Bondeni! Upepo unavunja nyumba, mzee, lakini kinachoua watu wengi ni maji."

Fimbo ya Kasian ilisimama hewani. Kezia alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yoo, mwanangu! Mjukuu wangu! Baba Akimana, piga simu!"

Bazilio alipiga. Sauti ya mashine ikajibu: namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Akapiga tena, sauti ikawa ile ile. Mtandao wenyewe ukaanza kupotea dirishani.

"Twende mlimani!" Kasian aliruka. "Kule juu unashika vizuri. Mzee, leo umechemka, lakini bado hatujachelewa. Twende!"

Wakapanda. Njia ya mlimani ilikuwa na utelezi, kwa kuwa mvua za masika zilikuwa hazijakwisha. Kasian alitangulia na simu, ameiinua juu kama mwenge. Mwatumu alifuata na sare yake ya zahanati, viatu mkononi. Kezia alikuwa anaomba Mungu kwa sauti. Bazilio alikuja nyuma. Miguu yake ilikuwa na nguvu, lakini kifuani alihisi kama amebeba jiwe la kusagia.

Alimjua Akimana. Katika nyumba yao, neno la baba halikuvukwa. Akiambiwa kaa, alikaa. Kama alisema "Nimekusikia," basi sasa hivi yumo bondeni.

Juu ya mlima walikuta watu kadhaa, kila mmoja na simu sikioni. Nkunzimana, mfuga mbuzi mwenye maneno mengi, alikuwa amekaa juu ya jiwe.

"Karibuni mjini!" akasema. "Mbona mnahema kama mnafukuzwa na nyuki?"

Mwatumu alikuwa tayari anampigia kaka yake Isihaka, dereva wa bodaboda kule Kilwa, kijiji jirani na cha Akimana. Simu ikaita. Ikaita. Ikapokelewa!

"Kaka Isihaka! Uko salama? Sikiliza, usinikatize. Kuna mwalimu anaitwa Akimana, mtu wa Kigoma, mwenye mtoto mchanga. Amejificha bonde la mpunga, kwenye kibanda cha kulindia ndege... Ndiyo, bondeni!... Najua, kaka, najua! Kaelekezwa na mtu wa milimani. Barabara bado inapitika? Basi nenda. Ukikuta maji yanavuka barabara, usiyavuke na pikipiki, zunguka kwa juu. Ukimpata, nipigie!"

Akashusha simu. "Anakwenda," akasema. "Mvua imeshaanza."

Sasa wakabaki kungoja. Hakuna kazi ngumu kama kungoja. Watu wa mlimani walikusanyika, kila mmoja anataka kujua. Bazilio alisimama pembeni, akitazama mashariki, kana kwamba macho yake yangeweza kufika Kilwa.

"Nesi," akaita, na sauti yake haikuwa tena ile ya uani. "Wewe umejuaje haya?"

"Kwetu tumeyajua kwa kuzika watu, mzee," Mwatumu alijibu. "Mwaka 1952, mwezi wa nne, kimbunga kilipiga Lindi. Watu zaidi ya thelathini walikufa. Bibi yangu alikuwa msichana. Alisema nazi ziliruka kama mawe ya kombeo. Paa za makuti zilipaa, watu wakakimbilia chini ya ukingo wa bahari wajifiche. Baba yake akamshika mkono, akamvuta kwenda juu. Waliokwenda chini, wengine hakuwaona tena."

"Kumbe hata hapa kwetu Tanzania!" Kezia alisema.

"Hata kabla ya hapo, mama. Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja. Ni zaidi ya miaka mia moja na hamsini iliyopita. Meli zilivunjika bandarini. Mikarafuu na minazi ililala mashamba kwa mashamba. Tena kilifanya ujanja wake. Kilivuma kutoka upande mmoja, kisha kikanyamaza, kimya kabisa. Halafu upepo ukarudi kutoka upande wa pili, mkali vile vile!"

"Kwa nini unanyamaza?" aliuliza Nkunzimana. Mzaha ulikuwa umemtoka.

"Kwa sababu kimbunga kinazunguka, na katikati yake kuna tundu. Tunaliita jicho. Jicho likipita juu yako, upepo unatulia. Unadhani kimekwisha. Kumbe umefika nusu tu! Anayetoka kuokota mabati yake hukutwa nje na nusu ya pili."

Bazilio alifumba macho. *Upepo ukitulia, toka mara moja.* Hilo nalo alikuwa amelisema.

"Na kinazaliwaje?" aliuliza Kasian, macho yamemtoka.

"Jikoni kwenu moto ukiwaka, moshi unapanda, si ndiyo? Na hewa ya mlangoni inaingia kuchukua nafasi. Bahari ikiwa na joto sana, ndiyo inakuwa jiko. Hewa yenye mvuke inapanda, na hewa nyingine inakimbilia hapo kutoka pande zote. Dunia inazunguka, kwa hiyo hewa ile haiendi moja kwa moja. Inapinda, nayo inaanza kuzunguka. Ndipo unapata pia ya upepo, kama ile wanayochezea watoto, pana kuliko mkoa mzima wa Kigoma. Ikifika nchi kavu inakosa joto la bahari, basi inachoka na kufa."

"Mbona hapa kwetu hatuvisikii mara nyingi?"

"Kwa sababu tuko karibu na mstari wa ikweta. Huku msokoto huo ni dhaifu. Vingi vinakwenda kusini: Madagaska, Msumbiji, Komoro. Mwaka 2019 Idai kiliivunja Beira. Baadaye kidogo Kenneth kikapita Komoro, kikapiga kaskazini mwa Msumbiji, jirani kabisa na Mtwara. Mwaka 2021 Jobo kilielekea kwetu, kikachoka kabla ya kufika. Watu wakasema, aa, hawa wa hali ya hewa waongo! Si waongo. Nyoka akipita mlangoni bila kuuma, huwezi kusema hana sumu."

"Na sisi wa milimani tumepona," alisema Nkunzimana.

"Usijisifu, baba. Mwaka 2023 Freddy kiliingia mpaka Malawi, nchi isiyo na bahari. Mvua yake ilibomoa milima, udongo ukafunika nyumba na watu. Kila nchi ina hatari yake. Mwenyeji ndiye anayejua..."

Simu ikalia mkononi mwake. Watu wote wakaruka.

Mwatumu aliweka sauti ya juu. Kwanza hawakusikia mtu. Walisikia kishindo tu, kama magari mengi yanapita pamoja. Ulikuwa upepo. Kisha ikaja sauti ya mwanamume, ikipaza.

"Mwatumu! Nimempata! Yumo kibandani! Maji yameshafika kwenye vifundo vya miguu, lakini mwalimu anakataa kutoka!"

"Anakataa? Kwa nini?"

"Anasema baba yake amemwambia akae! Anasema mimi hanijui, na neno la baba haliondolewi na dereva wa bodaboda!"

Macho yote yakamgeukia Bazilio.

Bazilio alikuwa mtu wa kuheshimiwa. Kwenye mikutano ya kijiji, yeye akisema, mjadala umefungwa. Hakuna mtu Makere aliyewahi kumsikia akirudisha neno lake nyuma. Kulirudisha mbele ya mkewe ilikuwa vigumu. Kulirudisha mbele ya mwanawe ilikuwa vigumu zaidi. Na hapa alikuwepo Nkunzimana, mtu ambaye habari ikiingia sikioni mwake saa hiyo hiyo inatokea sokoni.

"Haya, simba," Nkunzimana alinong'ona. "Leo tutaona."

Bazilio hakumtazama. Aliinyakua simu kwa mikono miwili, akapiga ukelele uliowashtua mbuzi.

"AKIMANA! Ni mimi, baba yako! Nilikosea! Unasikia? NILIKOSEA! Toka bondeni! Panda juu na huyo kijana! Panda shuleni!"

Upepo ukavuma ndani ya simu. Kisha sauti ndogo ikasema, "Baba? Ni wewe kweli?"

"Ni mimi! Nilikuambia shuka, sikujua. Sasa nakuambia panda! Usingoje vitu. Chukua mtoto. Na upepo ukinyamaza usitoke, mwana wanje! Usitoke mpaka wenyeji waseme!"

"Nimekusikia, baba!"

Walisikia maji yakichapwa na miguu. Walisikia mtoto akilia. Pikipiki ilikohoa, ikakohoa tena, ikawaka! Kasian alipiga kelele kama mpira umeingia golini. Kisha simu ikakatika, na safari hii haikurudi.

Walishuka mlima bila habari. Jioni redio ilisema Hidaya kinazidi kusogea. Kesho yake, Jumamosi, redio ikasema kimefika pwani, na mvua kubwa inanyesha Kilwa. Barabara ilikuwa imekatika. Bazilio hakugusa chakula. Alikaa dirishani karibu na kikombe cha bati, na kila nzi aliyepita alimdhani ni simu.

Ilipoita, ilikuwa Jumapili. Watu walikuwa ndiyo kwanza wanatoka kanisani. Kezia ndiye aliyepokea. Alisikiliza. Kisha akaanza kucheza pale pale uani, simu sikioni, kanga imemdondoka begani.

"Wazima! Wote wazima! Yeye na Majaliwa!"

Akimana alisimulia kwa sauti iliyokauka. Walifika shuleni, wakakuta darasa limejaa watu, mikeka na ndoo. Walikaa mbali na madirisha. Wenyeji walikuwa wamechota maji safi mapema. Upepo ulitikisa bati usiku kucha, lakini jengo lilikuwa imara. Ulipopungua, baadhi ya watu walitaka kutoka. Akimana alisimama mlangoni, akawaambia, "Hapana. Baba yangu amesema mpaka wenyeji waruhusu." Wazee wa pale wakacheka, wakamuunga mkono. Hakuna aliyetoka mpaka mwenyekiti alipotangaza.

"Na kibanda?" Bazilio aliuliza.

"Hakuna kibanda, baba. Bonde lote ni maji. Kibanda sijui kimeelekea wapi."

Bazilio aliketi chini, juu ya turubai la maharage. Machozi yalimtoka, naye hakuyaficha.

Habari ilienea, na Nkunzimana aliisaidia kwa nguvu zake zote. Lakini sokoni hakuisimulia kwa kejeli. Alisema, "Nilikuwepo! Nimemwona mwanamume akilibomoa neno lake mwenyewe ili mtoto apite!" Watu wakaanza kumfuata Bazilio na maswali. Naye akawapeleka kwa Mwatumu, ambaye kila siku ya kliniki aliwafundisha akina mama na baba waliowasindikiza.

Wengi Makere walikuwa na ndugu pwani: walimu, askari, wafanyabiashara. Waliwapigia simu. "Mnakaa wapi? Mahali pa juu ni wapi? Mkisikia tangazo la Mamlaka ya Hali ya Hewa, hameni kabla upepo haujafika. Jazeni maji, chajini simu, fungeni nyaraka kwenye nailoni." Na wao wenyewe hawakujisahau. Bazilio na Kasian walichimba mitaro ya kukinga maji juu ya nyumba yao, wakapanda nyasi kwenye mteremko. Siku hizi habari ya hali ya hewa ikianza redioni, fimbo za maharage zinanyamaza kwanza.

Kasian naye alitunga wimbo wa kupuria. Sasa unaimbwa nyua zote, fimbo zikishuka kwa mdundo mmoja:

*Upepo wa kule pwani, si kama wa milimani,*
*Usishuke mabondeni, maji hayana utani,*
*Panda juu kilimani, ujihifadhi shuleni,*
*Na likitulia jani, usitoke mlangoni.*

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, Akimana alikuja likizo na mtoto. Basi lilipofika Makere, uani kwa Bazilio hapakuwa na nafasi ya kukanyaga. Mwatumu alikuwepo, amevaa gauni la sikukuu. Majaliwa mdogo alipita mikononi mwa watu kama sahani ya harusi, mpaka akafika kwa babu yake.

Akimana alipiga magoti kumwamkia baba yake. Alipoinuka, alisema jambo ambalo hakuwahi kuthubutu kulisema maishani.

"Baba, ningekufa kwa kukutii. Na huyu uliyembeba angekufa pamoja nami."

Kezia alimkonyeza binti yake anyamaze, lakini Akimana aliendelea.

"Sitaki kuacha kukusikiliza. Nataka uniahidi kitu, baba. Hapa, mbele ya watu wote."

Bazilio alimweka mtoto vizuri begani, akasimama wima, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani:

"Nakuahidi, Akimana. Ukiniuliza kuhusu nchi nisiyoijua, kwanza nitakuuliza, wenyeji wanasemaje? Na neno langu likitoka kwa makosa, nitapanda mlima wowote kulifuata, mpaka nilirudishe."

"Ego, baba," alisema Akimana. "Nimekusikia."